Ukuta Unaouma

Ukuta wa bomba uliuma. Wapangaji wote walilijua hilo, na tabia zake walizijua kama mtu anavyojua tabia za mbwa wa jirani. Siku kavu uling'ata kidogo tu, mwasho kwenye vidole. Siku sakafu ikiwa na maji ulimrusha mtu. Kwa hiyo bombani hakwenda mtu peku. Palikuwa na jozi ya ndala za mpira zilizowekwa pembeni kwa ajili ya wote, na mpangaji mpya akihamia, kabla hajaonyeshwa choo, alionyeshwa ndala. Hakuna aliyeona ajabu. Binadamu huzoea mambo ambayo angeyaona kwa mwenzake angemwita mjinga.

Mtoto mdogo yeye hajui mazoea ya wakubwa. Asubuhi hiyo Bosi, aliyekuwa ndiyo kwanza anaanza kusimama kwa kushikilia vitu, alitambaa kutoka mlangoni kwao, akavuka sakafu iliyolowa, akanyoosha mkono akashika bomba ili ajiinue. Ukuta ukamtupa kinyumenyume. Hakulia. Alikaa pale alipoangukia, macho yamemtoka, mdomo wazi bila sauti. Mama yake, aliyekuwa akisuuza mashuka ya watu, aliliachia shuka likaanguka vumbini. Kisha kilio kikaja, na mama Bosi hakuwahi kufurahia kilio cha mtoto kama siku ile.

Jina la Bosi walimpa wapangaji wenyewe. Alikuwa na kidole cha kuamrisha. Akikielekeza kwenye kikombe, kikombe kiletwe. Akikielekeza mlangoni, watu watoke. Kidole hichohicho sasa kilikuwa chekundu, na alikuwa akikitazama kama mtu aliyedanganywa.

"Leo nimemwona mwanangu anakufa," mama Bosi alimwambia mumewe aliporudi jioni na vumbi la unga mpaka kwenye nyusi, maana kazi yake ilikuwa kupakia magunia kwenye ghala la nafaka. "Kabla hujakaa, nenda kwa mwenye nyumba."

"Nioge kwanza."

"Uogee wapi? Bombani? Nenda hivyohivyo. Akuone."

Baba Bosi alikuwa mtu mwenye nguvu za kubeba magunia na aibu ya kubeba maneno. Falsafa yake ilikuwa funika kombe mwanaharamu apite, na alikuwa amefunika makombe mengi katika maisha yake. Lakini alimtazama mtoto, akavaa viatu.

*

Mwenye nyumba wapangaji walimwita Nitaangalia. Jina hilo hakulijua, ingawa alilichuma mwenyewe. Choo kimeziba, mzee. Nitaangalia. Bati linavuja juu ya kitanda. Nitaangalia. Alilisema kwa upole, akiitikia kwa kichwa, na mtu aliondoka pale ameridhika, akafika nusu ya njia ndipo akakumbuka kwamba hajapewa kitu. Panya huuma na kupuliza, ndiyo maana aliyelala hashtuki.

Baba Bosi alikaribishwa barazani. Kabla hajaketi, mke wa mwenye nyumba alitoka mbio na kitambaa cha kudekia, akakitandika kwenye kiti.

"Usijali, ni unga tu huo ulio nao," alisema kwa tabasamu. "Ila viti hivi ni vipya."

Baba Bosi akakalia kitambaa cha kudekia. Alisema alichotumwa kusema, akitazama vidole vya miguu yake. Nitaangalia alimsikiliza mpaka mwisho, maana kusikiliza hakukumgharimu kitu.

"Pole sana," alisema. "Mtoto ni mtihani. Lakini tuseme ukweli, baba. Mtoto hulindwa na mama yake au na mwenye nyumba? Mkeo anafua pale kutwa, anamwaga maji kama mvua. Ukuta wa nani utavumilia? Ukuta wangu ni mzima. Maji yake ndiyo yanaleta balaa."

"Unauma hata asipofua, mzee. Umeme umepotea njia huko ndani, unatokea kwenye bomba."

"Umesomea umeme?"

"Hapana, mzee."

"Basi. Mimi nimewapa paa, nimewapa mlango, choo, maji na umeme. Kuna nyumba huko watu hawana hata kimoja. Nitaangalia."

Alipoaga, baba Bosi aliomba kunawa uso. Wakamwonyesha bomba la uani, linang'aa, na sakafu yake ya vigae. Alinyoosha mkono, akasita, akaligusa kwanza kwa ncha ya ukucha. Halikufanya kitu. Alisimama akinawa maji yasiyouma.

Nyumbani mkewe alisikiliza taarifa nzima akiwa amempakata Bosi.

"Kasema katupa maji na umeme?"

"Ndiyo."

"Kweli, katupa. Vyote viwili kwenye bomba moja." Hakucheka. "Na wewe ukasemaje?"

"Nikasema asante."

*

Mwisho wa mwezi Nitaangalia hakuhitaji kuangalia, alikuja mwenyewe. Siku ya kodi aliwekewa kiti cha plastiki katikati ya ua, mbali na kuta zote, na wapangaji walimwendea mmojammoja. Mama Bosi alikuwa amempelekea salamu mara chungu nzima, kupitia mumewe, Dada Saluni wa chumba cha mbele, hata Kaka Barafu aliyeuza maji baridi na barafu kutoka kwenye friza lake. Jibu lilirudi lilelile. Na alikuwa ameligundua jambo ambalo wote walikuwa wakiliona bila kuliangalia: katika miezi yote ya kuja pale, yule mzee hakuwahi kuegemea ukuta.

Siku hiyo alitandika mkeka mlangoni kwake, hatua mbili kutoka bombani. Akapika chai, akapaka mkate siagi, akavaa kanga safi.

"Shikamoo mzee."

"Marhaba, binti."

"Leo usikae juani kama mlinzi. Karibu mkekani, chai iko tayari. Tumekuudhi kwa malalamiko, acha tukupoze."

Nitaangalia alipenda chai, na zaidi ya chai alipenda kubembelezwa mbele ya watu. Alifika kwenye mkeka, akavua viatu vyake vya soli nene, kama anavyovua mtu yeyote mwenye adabu, akakaa. Miguu yake ilikuwa laini, ya mtu ambaye hajakanyaga ardhi siku nyingi.

"Nawa basi mikono, mzee."

"Niletee maji kwenye kopo."

"Makopo na mabeseni yote yana sabuni, nimeloweka nguo za watu. Bomba hilo hapo."

Nitaangalia alilitazama bomba. Alitazama sakafu, iliyokuwa inang'aa kwa maji. Akatazama miguu yake. Dada Saluni alikuwa mlangoni kwake na chanuo mkononi, mteja nyuma yake kichwa kikiwa nusu kimesukwa. Kaka Barafu alikuwa ameacha kufunga vifuko. Baba Bosi alikuwa ameinamisha kichwa, akiomba kimoyomoyo mambo yaishe.

Mzee akaunyoosha mguu, akavuta kiatu, akaanza kukivaa.

"Hatua mbili tu, mzee," mama Bosi alisema. "Unavaa viatu vya nini?"

Kicheko kilimponyoka Dada Saluni. Alijaribu kukirudisha, kikatokea puani.

"Nyumba yangu naijua mwenyewe," Nitaangalia alisema.

"Hilo ndilo nililotaka uliseme mbele ya watu. Mwezi mzima unasema ukuta ni mzima. Ni maji yangu. Ni mtoto wangu hana mlezi. Kumbe unaujua. Unaujua kuliko sisi, wewe hata kuuegemea huthubutu. Miguu yako tu ndiyo miguu? Ya huyu ni kwato?"

Bosi, aliyekuwa mgongoni kwake, alitoa kidole akamwelekezea mzee, na wapangaji wakaangua kicheko. Kilikuwa kicheko cha miezi mingi. Walicheka choo kilichoziba, walicheka bati linalovuja, na Nitaangalia alikaa katikati ya kicheko hicho na kiatu kimoja.

Alimaliza kuvaa taratibu. Hakupaza sauti, kwa kuwa wenye nyumba hawana haja ya kupaza sauti.

"Umeniaibisha, binti. Sawa. Umeme wangu unaua watu, mmesema wenyewe. Basi nauondoa, nisije nikaitwa muuaji."

Alikwenda kwenye kisanduku cha umeme kilichokuwa ukumbini, akatoa leso kavu mfukoni, akang'oa fyuzi, akaifunga kwenye leso kama mtu anayefunga hirizi. Redio ya saluni ilikatika katikati ya wimbo. Friza la Kaka Barafu liliguna mara moja likanyamaza.

"Na fundi atakuja lini?" Kaka Barafu aliuliza, na sasa hakuwa anacheka.

"Nitaangalia."

*

Barafu haina subira. Kufikia kesho yake mchana maji yalikuwa yanatiririka chini ya mlango wa Kaka Barafu, na yeye amekaa juu ya friza lake, mikono imelegea. Dada Saluni aliwarudisha wateja wa kukausha nywele, akabaki na wa kusuka tu, na hao nao wakasema kwenye giza hawakai. Waliokuwa wamemcheka mzee jana leo waligundua kwamba si wao waliocheka, ni mama Bosi aliyewachekesha.

"Mwenzangu," Dada Saluni alimwambia, akiwa amesimama mbali kidogo, "sikatai, ulisema kweli. Ila kweli yako inanifungia duka."

"Mtoto wangu alipigwa shoti, dada."

"Si amepona? Sisi wote ule ukuta umetupiga na tuko hai. Unavaa ndala, unaendelea na maisha. Nenda kamwombe radhi yule mzee. Neno moja tu."

"Na mtoto nimnunulie ndala za saizi gani?"

Dada Saluni akaondoka. Si kwamba alikuwa na roho mbaya. Alikuwa na kodi ya kulipa kama wenzake, na Nitaangalia alilijua hilo. Hakuhitaji kupigana na mama Bosi. Aliwaacha majirani wampiganie.

Baba Bosi naye aliingia na wimbo huohuo. "Maji yamezidi unga, mama Bosi. Watu hawanisalimii. Turudi nyuma kidogo."

"Nyuma wapi? Nyuma yetu kuna ukuta."

Lakini katika siku zile za bila umeme kulikuwa na mtu mmoja aliyestarehe. Bosi alijifunza kutembea. Mwanzoni bomba aliliogopa, akilitazama kwa mbali akisonya kama mtu mzima. Mama yake, akijua kwamba hakuna kitu ndani ya ukuta, alimshika mkono, akampeleka mwenyewe.

"Shika. Unaona? Halina kitu. Ukuta umelala."

Akagusa, akatoa mkono. Akagusa tena. Kisha akalikumbatia bomba kwa mikono miwili, akacheka mpaka akakwama. Kuanzia hapo ndiyo ikawa safari yake: kutoka kizingitini mpaka bombani, akiyumba, matone ya maji yakimdondokea kichwani, peku. Mama Bosi alifua akimwangalia na moyo wake ukatulia namna ambavyo haukuwahi kutulia tangu ahamie pale. Alimwondolea mtoto hofu kwa mikono yake mwenyewe. Hilo hatalisahau hata akizeeka.

*

Walikwenda watatu kwa mwenye nyumba, Kaka Barafu, Dada Saluni na baba Bosi katikati yao kama mshtakiwa. Hakumuaga mkewe. Alijiambia kwamba akirudi na umeme, ugomvi utaisha wenyewe, na mwanamke akikasirika hukasirika siku mbili.

Safari hii hawakupewa viti.

"Mke wangu amekosa," baba Bosi alisema. "Naomba radhi kwa niaba yake."

"Sisikii vizuri," Nitaangalia alisema.

"Mke wangu amekosa, mzee. Tunaomba radhi."

Kule ndani mke wa mwenye nyumba alipunguza sauti ya televisheni ili asikie vizuri. Nitaangalia alichezea leso yake, akaifungua, akaitoa fyuzi na kuiweka kwenye kiganja cha mtu mzima aliyebeba magunia tangu alfajiri.

"Mimi sina kinyongo. Karudishe mwenyewe. Mkeo mwambie afunge mdomo, na mtoto amfunge mgongoni."

"Na ukuta, mzee?" Kaka Barafu alijaribu.

"Nitaangalia."

Waliondoka wakitembea haraka, kila mmoja akiwaza la kwake. Kaka Barafu aliwaza friza. Dada Saluni aliwaza mteja aliyemwacha anasubiri. Baba Bosi aliwaza namna ya kumweleza mkewe, na kwa kuwa hakupata namna, aliamua atangulize umeme, maneno yafuate. Aliingia ukumbini moja kwa moja, akafungua kisanduku, akasukumiza fyuzi mahali pake.

Redio ilipasuka kwa muziki. Friza likaguna, likaanza kunguruma. Dada Saluni alipiga vigelegele, vyumba vyote vikaitikia.

Mama Bosi alikuwa kwenye kamba anaanika. Alisikia vigelegele, akasikia redio, na kwa muda mfupi hakuelewa, kama mtu anayeamshwa. Kisha akageuka.

Bosi alikuwa amesimama bombani, amelishika kwa mkono mmoja. Hakuanguka. Safari hii ukuta haukumtupa, ulimshika. Mwili mzima ulikuwa unatetemeka, kichwa kimekwenda nyuma, na hakuna sauti iliyokuwa ikitoka.

"Zima! Zima umeme!"

Vigelegele vilimfunika. Alikimbia, akakumbuka akiwa ameshanyoosha mikono kwamba akimgusa watashikwa wote wawili. Akatafuta zile ndala, lakini siku za bila umeme hakuna aliyezirudisha mahali pake. Akatafuta kitu chochote kikavu. Kila kitu kilichokuwa karibu yake kilikuwa kimelowa, mashuka, kanga, mabeseni, mikono yake mwenyewe. Mumewe, pale ukumbini, alimwona anapiga kelele na kurusha mikono. Akadhani ni ile hasira aliyokuwa anaitarajia. Akatazama chini kwa aibu, akamngoja amalize.

Ni Kaka Barafu aliyeona. Alimpiga baba Bosi kikumbo akajaza ukumbi mzima kwa sauti yake: "Mtoto!" Na baba Bosi akaing'oa ile fyuzi kwa mkono mtupu, bila leso, bila kitu.

Muziki ulikatika. Bosi alianguka kwenye maji kama nguo iliyotoka kwenye kamba. Mama yake alimwokota, akampulizia, akampiga mgongoni, akamwita kwa jina lile la utani na kwa jina lake la kweli ambalo wapangaji hawakuwahi kulisikia. Hakuna aliyesogea. Mteja wa Dada Saluni alikuwa ametoka na povu la shampuu linamtiririka machoni, na hakulifuta.

Kisha mtoto alivuta pumzi. Ilikuwa pumzi nyembamba, yenye mkwaruzo, ikafuatwa na ya pili. Kiganjani mwake palikuwa na alama nyeusi, duara, ya umbo la bomba. Alifungua macho akamtazama mama yake, na halikuwa jicho la maumivu tu. Huyu ndiye aliyemwambia ukuta umelala.

Mama Bosi alimfunga kifuani kwa kanga iliyolowa. Alikwenda ukumbini, akasimama mbele ya mumewe, akafungua kiganja. Baba Bosi aliiweka fyuzi pale.

"Ulikwenda kumwomba radhi," mkewe alisema. Hakuwa anauliza.

"Nilitaka mambo yaishe."

"Yalikuwa yanaisha."

Akasimama mgongo kwenye kisanduku cha umeme, fyuzi ndani ya ngumi. Wapangaji walikuwa wamejaa mlangoni. Aliwatazama mmojammoja, na kila aliyetazamwa alipata kitu cha kuangalia sakafuni.

"Nampeleka mtoto hospitali sasa hivi, na hii naenda nayo. Nikirudi nakaa hapahapa. Anayetaka umeme aje auchukue mkononi mwangu. Aje akijua anachukua nini."

Hakuna aliyekwenda kuuchukua. Dada Saluni alivua kanga yake kavu, akamfunika nayo Bosi, na hakurudi saluni. Alikaa chini, upande wa pili wa ukumbi. Mteja wake aliuliza nywele zake zitakuwaje. Akamwambia akasuuzie kwao.

Kaka Barafu alisimama kati yao na friza lake. Maji yalikuwa yameshaanza kudondoka tena. Aliingia chumbani, akatoka amevaa shati na viatu.

"Unakwenda wapi?" baba Bosi aliuliza.

"Kumleta mwenye nyumba. Aje aangalie."

"Mwambie aje peku," mama Bosi alisema, akavuka kizingiti na mtoto kifuani.